Pikipiki mpya inazima kila wiki, na duka linakwambia tu "ilete tuiangalie"

Hii nimeona niiandike sasa nikiwa bado naikumbuka vizuri, manake najua kuna watu wengi hapa Mombasa na Kenya kwa jumla wamenunua nduthi (pikipiki) mpya kwa pesa za chama, kile kikundi cha akiba, ama za mkopo, inawasumbua, na wamenyamaza kwa sababu wanadhani kile kitabu cha waranti ndo haki yao yote. Sivyo kabisa. Mimi mwenyewe nilikuwa nadhani hivyo mpaka mwezi wa tatu.

Mwezi wa kwanza mimi na mdogo wangu tulinunua dukani pikipiki ya 150cc, keshi, shilingi 168,000. Zangu zilikuwa za chama, na yeye aliongeza elfu arubaini alizokuwa akiweka kwa simu kidogo kidogo tangu alipoacha kuendesha boda ya mtu. Mpya kabisa, tulisimama pale tukaona wakiifunga vioo na betri. Tukapewa risiti, kitabu cha waranti na maneno mengi matamu.

Siku ya tisa akanipigia simu akiwa Likoni. "Dada, imenizimikia kwa feri." Hebu fikiria ule mpando wa kutokea kwenye feri, watu wamejaa, mikokoteni inakuja nyuma kwa nguvu, abiria wake ameshika trei nne za mayai, na pikipiki haina hata wiki mbili imekata tu. Wanaume wawili wakamsaidia kusukuma hadi juu. Abiria akashuka akachukua boda nyingine, na sina la kumlaumu. Baada ya dakika kumi hivi akapiga stata ikawaka kama hakuna kilichotokea.

Na hapo ndo shida yenyewe ilipokuwa, manake ukiipeleka dukani inafika inanguruma vizuri, fundi wao anaizungusha pale uani dakika mbili anakwambia "Mbona iko sawa madam?" Mara ya kwanza wakabadilisha plagi. Mara ya pili, tulipoenda sevisi ya kwanza, wakasafisha kabureta. Mara ya tatu wakabadilisha CDI, kile kidude cha umeme kinachoamrisha cheche ya plagi. Mara ya nne tukaambiwa ni mafuta mabaya tunayoweka, wakati mdogo wangu anajaza pale pale wanapojaza wenzake wote wa stage na zao hazizimi. Kila tukirudi nyumbani inakaa siku tatu, nne, halafu inazima tena, Bombolulu, Kongowea, mara moja usiku barabara ya Mtwapa na lori liko nyuma yake. Hiyo ya Mtwapa ndo ilinitoa usingizi. Hapo sikuwa nawaza pesa tena, nilikuwa nawaza huyu mtoto wa mamangu atakuja kuletwa nyumbani kwa machela.

Kuna mzee fundi hapa Kisauni, tukampelekea atupe maoni tu. Akangoja ipate moto ikazima, akachomoa kifuniko cha plagi, akaweka plagi nyingine akaigusisha kwa injini, akamwambia mdogo wangu apige kiki. Hakuna cheche. Akangoja ipoe, akapiga tena, cheche ya buluu ile. Akasema, "Ikipata joto inakosa moto. Naona ni koili inayoleta umeme wa cheche, kule ndani kwa magineto, ama waya zake. Lakini mwanangu mimi siifungui, nikifungua hao watasema nyinyi ndo mmeharibu." Yule mzee alitukinga na balaa kubwa. Kama una pikipiki iko ndani ya waranti, tafadhali, hata kama fundi wa mtaani anajua zaidi kuliko wale wa dukani, akuonyeshe tu ugonjwa lakini asifungue bolti.

Ile jioni nikatoa makaratasi yote nikayatandaza kitandani. Jobu kadi nne, zile karatasi duka linaandika kila ukiwapelekea pikipiki. Zote nne zimeandikwa "sevisi". Hakuna hata moja iliyosema pikipiki inazima! Yaani mtu akizisoma ataona mteja mzuri anayeleta pikipiki yake sevisi mara nne, basi. Nililia kidogo siwafichi, kwa sababu nilikuwa nimezitia saini zote mwenyewe.

Kesho yake nikaenda na msimamo mwingine. Nikasema leo siachi pikipiki, fundi wenu apande, mdogo wangu akae nyuma, wazunguke mpaka ipate joto. Walibisha, mara fundi ana kazi, mara bosi hayupo. Nikakaa kwenye benchi. Saa sita hivi wakatoka. Baada ya karibu dakika ishirini na tano mdogo wangu akanitumia mesiji, imezima Buxton. Wakarudi wakiisukuma kwa zamu kwenye lile jua, fundi shati limemganda mgongoni, na nikamwomba aandike alichokiona, kwa maneno yake. Akaandika: "Injini inazima ikipata joto, hakuna moto kwa plagi, km 1,146." Akatia saini. Karatasi hiyo moja ilikuwa na nguvu kuliko zile nne pamoja na simu zangu zote.

Wakabadilisha koili. Tukasema sawa, tuwape nafasi. Siku ya sita ikazima tena.

Sasa haya ya sheria nilielezwa na jamaa yangu mmoja ni wakili, nikaenda kuyasoma mwenyewe pia, nayaandika kwa lugha yetu. Katiba ya 2010 kifungu cha 46 inasema mtumiaji ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na ana haki ya kulipwa fidia akipata hasara ama madhara kwa sababu ya kasoro. Halafu kuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ya zamani hiyo, kifungu cha 16, kwamba ukinunua kitu kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza vitu hivyo, sheria yenyewe inaweka sharti kiwe cha ubora wa kuuzika, hata kama hamkuandikiana. Na kama ulimwambia unakitaka kwa kazi gani na ukategemea ujuzi wake, kiwe kinafaa kazi hiyo. Sisi tulisema wazi ni ya boda. Pikipiki ya boda isiyoweza kwenda nusu saa bila kuzima inafaa kazi gani?

Duka likatujibu kwamba mliikagua, mkaiendesha, mkaridhika. Kwa hili msiogope. Sheria inasema ukikagua, unabanwa na zile kasoro ambazo ukaguzi wako ulipaswa kuzionyesha. Kasoro inayojificha mpaka injini ipate joto huwezi kuiona kwa kuzunguka uani mara mbili. Jibu lao lingine lilikuwa "tumeandikia kampuni, tunangojea." Lakini risiti yangu haina jina la kiwanda, ina jina la duka. Pesa nilimpa muuzaji, na muuzaji ndo anapaswa kunijibu, yeye na kiwanda chake watajuana. Na kuhusu kile kitabu cha waranti kinachosema watatengeneza tu hawarudishi pesa, Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inasema maneno yoyote kwenye makubaliano yanayojaribu kukunyang'anya zile kinga za Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ni batili. Waranti ni nyongeza. Haifuti ulichopewa na sheria.

Ila kuna mahali mimi nilikosea, na nataka mlishike hili kuliko yote. Haki ya kukikataa kitu na kurudishiwa pesa yako haikungojei milele. Ukikaa nacho muda unaoonekana ni wa kutosha bila kumwambia muuzaji unakikataa, sheria inahesabu umekikubali, na hapo unabaki na haki ya kudai fidia tu, sio kurudisha. Muda wenyewe haukutajwa kwa siku, unaangaliwa kulingana na hali. Mimi nilikaa zaidi ya miezi miwili nikienda na kurudi kwa upole, na hakuna siku hata moja niliyoandika neno "naikataa". Jamaa yangu aliguna aliposikia. Akanambia ingekuwa mara ya pili ama ya tatu tu, barua ingekuwa imeshafika. Simu haitoshi, wasapu ni afadhali, barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ndo bora.

Basi nikaandika. Ukurasa mmoja: tarehe ya kununua, namba ya chesisi na ya injini, tarehe na kilomita za kila mara ilipozima, walichobadilisha kila mara, halafu naikataa pikipiki hii, nataka pesa yangu ama pikipiki nyingine mpya, na hasara ya siku alizokosa kazi, nawapa siku kumi na nne. Nikapeleka nakala mbili, yangu ikagongwa muhuri. Tangu siku hiyo pikipiki ikakaa nyumbani chini ya turubai, manake huwezi kusema umekataa kitu na bado unabebea watu.

Siku kumi na nne zikaisha kimya. Nikaenda Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa. Watu wengi hawajui kama ipo. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, unaweza kuzungumza Kiswahili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ilipofunguliwa. Niliomba kurudishiwa bei, na mahakama ikiona tulikuwa tumeshaikubali, basi nilipwe fidia. Omba vyote viwili, usishike kimoja.

Na wale mlionunua kwa mkopo wa kampuni nyingine, usiache kulipa rejesho kwa hasira ya muuzaji. Watakuja kuichukua na utabaki huna pikipiki huna kesi. Endelea kulipa, risiti hizo weka, ni ushahidi wa ulicholipa.

Kabla kesi haijasikizwa duka likanipigia. Tulikaa mezani saa mbili nzima. Mwisho wakakubali kutoa pikipiki nyingine mpya, waranti ianze upya kutoka sifuri na iandikwe hivyo, gharama za kuandikisha zote juu yao. Hasara ya kazi ndo ilileta maneno. Mdogo wangu akatoa daftari la shule analoliweka chini ya kiti, ameandika kila siku ya kazi, amepata ngapi, mafuta ngapi, na zile siku alizokaa dukani kwao ama kusukuma. Siku 19 kabla hatujaiweka chini ya turubai. Sikumwambia afanye hivyo, ni tabia yake tu, anasema alianza tangu akiendesha ya mtu ili hesabu isibishaniwe. Meneja akalipekua ukurasa baada ya ukurasa bila kusema kitu. Wakalipa elfu tisa. Tulitaka elfu kumi na tatu na ushee, lakini tukatia saini, mimi ndipo nikaiondoa kesi baada ya pikipiki kuwa mkononi, sio kabla.

Hii ya pili ina wiki tano. Juzi alivuka feri mara sita kwa siku moja na haijamzimikia. Daftari bado liko chini ya kiti.