Mwezi wa nane ukifika Edmonton, ingieni ndani jamani

Juzi mtu kaniuliza kwenye grupu la wabongo wa huku Edmonton, Kanada, dada hivi hii Fringe unayoipigia debe kila mwaka ni nini hasa, manake mimi naendaga, nakula, natazama wale jamaa wanaochezea moto barabarani, napiga picha na watoto narudi zangu nyumbani. Nikaanza kumjibu kwa voisi, ikafika dakika sita, nikaona aah bora niandike kabisa, manake naona wengi wetu ndo tunavyofanya na mimi mwenyewe nilifanya hivyo miaka mitatu mfululizo.

Kwa kifupi Fringe ni tamasha la maigizo. Kula sio vibaya. Vile vichapati vya Kichina vya kukaanga vyenye majani ya kitunguu, ukikaa Edmonton bila kuvila mwezi wa nane basi hujaiona Edmonton. Na wale wa barabarani wanastahili hela yako, kofia ikipita weka kitu. Ila maigizo yenyewe, yale ambayo watu wameyaandika usiku baada ya kazi na kuyafanyia mazoezi sebuleni kwao, yako ndani ya kumbi, na kumbi zingine ukizipita nje huwezi kujua kama kuna kitu kinaendelea humo. Kuna ya kwenye ukumbi wa kanisa, kuna ya chumba cha nyuma ya baa, kuna ya juu ya duka. Humo ndo kuna viti vitupu.

Neno lenyewe fringe maana yake ni pindo. Sisi tuliokulia kwenye khanga tunaelewa haraka, khanga ina mji katikati na pindo linazunguka. Sasa mwaka 1947 kule Edinburgh, Scotland, walianzisha tamasha kubwa la kimataifa, vita imeisha, watu wanataka kufurahi tena, wakaalika makundi makubwa. Makundi 8 ambayo hayakualikwa yakaja hivyohivyo, yakajitafutia kumbi yenyewe pembeni yakaigiza. Mwaka uliofuata mwandishi wa tamthilia mmoja anaitwa Robert Kemp akaandika kuhusu hao wa pindoni, na jina likaganda mpaka leo. Siku hizi pindo la Edinburgh limekuwa kubwa kuliko mji wenyewe, yaani lile tamasha la walioalikwa, mwaka 2019 walikuwa na maonyesho zaidi ya 3,800.

Ya kwetu huku ilianza 1982, jamaa anaitwa Brian Paisley ndo aliichukua hiyo fikra ya Edinburgh akaileta mtaa wa Old Strathcona, ng'ambo ya kusini ya mto. Ndo mwaka uleule tamasha la Bagamoyo lilipoanza kule nyumbani, na kila nikikumbuka hilo najisikia vizuri sana, yaani watu wa pwani na watu wa theluji walikuwa wanafikiria kitu kimoja mwaka mmoja bila kujuana. Leo ndo Fringe ya zamani zaidi Amerika ya Kaskazini, siku 11 kila Agosti, na makao yake ni lile jengo kubwa ambalo zamani lilikuwa karakana ya mabasi ya jiji.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui, na mimi nilipokijua nilibadilika kabisa, ni hela inakwenda wapi. Fringe za Kanada zina masharti ya pamoja, la kwanza hakuna jopo la kukaa na kusema igizo hili zuri hili baya, huku kwetu nafasi zinatolewa kwa bahati nasibu, jina lako linachomoka au halichomoki, awe bingwa awe mtu anayeandika kwa mara ya kwanza. Hakuna mtu wa kukukatia maneno kwenye igizo lako. Na bei ya tiketi, ile bei aliyoweka msanii, yote inakwenda kwa msanii, asilimia 100, tamasha linaongeza ada yake kidogo juu. Kwahiyo ukikata tiketi ya dola 15 au 20 ujue umempa yule uliyemuona stejini mkononi kabisa. Mimi sijui biashara nyingine ya burudani inayofanya hivyo.

Sasa nikwambie ya dada mmoja ninayefanya naye kazi, jina namuachia mwenyewe. Tunafanya wote kwenye nyumba ya wazee, shifti za usiku, ni mzaliwa wa hapahapa. Usiku mmoja saa tisa hivi tunakunja mashuka akaniambia kwamba ameandika mchezo kuhusu baba yake, baba alikuwa dereva wa basi la jiji miaka na miaka, afu uzeeni akapoteza kumbukumbu akawa anasahau hata majina ya wanawe ila njia za basi anazitaja zote, kituo kwa kituo. Mchezo wa mtu mmoja, kiti kimoja, kofia ya dereva na boksi la vitu. Alikuwa ameomba nafasi kwenye bahati nasibu, jina halikuchomoka, na sheria ni kwamba ukikosa unaweza kujitafutia ukumbi wako mwenyewe bado ukawa ndani ya tamasha, ila hapo gharama ya ukumbi ni juu yako. Akatafuta chumba cha viti kama 60, wanagawana na makundi mengine matatu, yaani mchezo wako ukiisha una dakika 15 za kutoa vitu vyako wenzio waingize vyao.

Nikaenda ya kwanza, Ijumaa saa nane mchana. Tulikuwa watu 9, nilihesabu. Wawili kati ya hao walikuwa na tiketi za bure. Piga hesabu mwenyewe, watu saba mara dola 15 ni dola 105, na hapo kuna ada ya kujiandikisha, kuna chumba, kuna fundi mitambo wa laiti na saundi, kuna mabango. Na aliigiza jamani, aliigiza kama ukumbi umejaa mpaka mlangoni. Alipofika pale baba anaposimama katikati ya chumba cha wagonjwa akitangaza vituo, mzee mmoja aliyekaa mbele yangu akaanza kutaja vituo naye taratibu, sijui alikuwa dereva zamani au abiria tu, nikashindwa kujizuia. Nilikuwa natoka shifti sijalala na nililia kweli.

Baada ya hapo nikamuuliza, mbona hamna watu, mchezo mzuri hivi? Akanieleza na hapo ndo nilielewa jinsi mambo yanavyokwenda. Kwenye tamasha maonyesho yanafika karibu 200 au zaidi kutegemea mwaka. Waandishi wa rivyu wanatoa nyota, moja mpaka tano, na hawawezi kuona yote. Aliyepata nyota nne au tano siku mbili za mwanzo anazibandika kwenye bango lake siku hiyohiyo, utawaona wanazunguka na stepla kubandika nyota, na tiketi zinaisha. Ambaye hakufikiwa na mwandishi anategemea mdomo wa watu, na mdomo wa watu unahitaji watu walioona, sasa kama siku ya kwanza wameona 9 nani atasema?

Afu kuna wale wasanii wa kuzunguka, majira yote ya joto wanatoka mji mmoja kwenda mwingine, Montreal, Winnipeg, Saskatoon, kisha huku. Siwasemi vibaya, wana kazi nzuri sana na ndo maisha yao, wanakuja tayari na jina na mashabiki, na mchana kutwa wanapita kwenye foleni za watu kugawa vipeperushi na kupiga stori. Ndo hapo msanii wa hapa hapa mjini, ambaye ungedhani yuko nyumbani ana afadhali, anaumia, manake yeye Jumatatu asubuhi yuko kazini. Dada yangu huyu siku nyingine alikuwa anaigiza saa nne usiku, saa tano na nusu anaingia shifti, saa ngapi akasimame kwenye foleni na vipeperushi? Hili liliniuma kuliko yote.

Kwahiyo nilichukua bunda la vipeperushi vyake nikasimama mwenyewe. Saa moja tu kabla ya kazi, kwenye foleni za maonyesho mengine. Mara ya kwanza nilikuwa naona aibu balaa, afu nikagundua watu wa foleni ya Fringe wanapenda kuongea, wao wenyewe wanakuuliza umeona nini, kizuri ni kipi, ukiwaambia mimi ni mfanyakazi mwenzie na nililia wanakuamini kuliko bango lolote.

Na nikaandika kwenye grupu. Hapa niliwaambia kwa lugha yetu, nikasema jamani nyie si mnajua kutunza? Kwenye taarabu mwimbaji akikukuna unanyanyuka kwenye kiti unakwenda kumtunza, hungojei kesho usikie wengine wamesemaje, na huendi kimya kimya, unakwenda kila mtu akuone ili na wengine wanyanyuke. Basi kumtunza msanii wa Fringe ni kukata tiketi siku za mwanzo kabla ya nyota, na ukitoka unasema kwa sauti. Watu wakanielewa, Jumamosi tulikuwa 23, wabongo, wakenya na familia moja ya wakongo wa Lubumbashi ambao walikuja na bibi yao.

Niliwasisitiza sana kuhusu saa. Fringe mlango ukifungwa umefungwa, tiketi unayo mkononi na huingii, hakuna cha nimekosa paking. Saa kumi maana yake saa kumi, njoo saa tisa na nusu. Wawili walichelewa dakika nne wakabaki nje na dola zao zimekwenda, wakakasirika na mimi wiki nzima, lakini ukifikiria, mtu yuko peke yake gizani anatafuta sauti ya marehemu baba yake, mlango ukifunguka na taa ya koridoni ikaingia anaanzia wapi tena?

Mchezo ulipoisha watu wakapiga makofi, wakasimama, afu bimkubwa mmoja wa Tanga, mtu mzima ana miaka zaidi ya 70, akajifunga khanga yake vizuri kiunoni akatoka kwenye safu yake na noti ya dola 20 imeshikwa juu, akaenda mpaka stejini mdogo mdogo kwa mwendo wa taarabu akamuwekea yule dada mkononi na kumfunika vidole. Wale wa kujitolea mlangoni hawakujua wafanye nini. Wakenya wawili wakanyanyuka na wao, yule bibi wa Lubumbashi akanyanyuka, na mwisho wazungu watatu wanne wakaona kumbe ndo hivyo wakapanga mstari. Dada analia na kofia ya dereva kichwani. Na dakika 15 za kutoa vitu zilikuwa zinakwenda, ikabidi tumsaidie kubeba boksi huku watu bado wanamtunza kwenye ngazi.

Kuna jambo moja nataka niliseme na naomba mtu asinichukie. Tuache kuombana tiketi za bure. Nimeona mtu anamwambia rafiki yake msanii, mimi si ndugu yako, niwekee jina mlangoni. Kwenye harusi ndugu ndo anachanga kwanza na anachanga zaidi, kadi ya mchango inaanzia kwake, sasa kwenye sanaa inakuwaje ndugu ndo anataka kuingia bure? Kwenye chumba cha viti 60 tiketi mbili za bure zinaonekana. Kama hela kweli hakuna, na najua miezi inavyobana huku, jitolee, tamasha linaendeshwa na mamia ya watu wa kujitolea wanaokaa milangoni na kukagua tiketi. Au nenda kwenye yale yanayopunguzwa bei siku hiyo. Wanaokwenda sana wananunua pasi ya tiketi 10 kwa pamoja, inatoka rahisi, ila zinawahi kuisha kwahiyo uwe macho.

Na ndio, mengine utaona hayakukufurahisha. Mimi nimeona moja sikuelewa mwanzo wala mwisho, watu wawili wamejifunga magazeti wanapiga kelele. Ilikuwa saa moja ya maisha yangu, nikatoka nikala vichapati. Wale vijana nimewaona mwaka uliofuata na kitu kingine na kilikuwa kizuri kweli, nikafurahi kwamba mtu aliwalipa mwaka ule wa magazeti wakaweza kurudi.

Kufika kwenyewe, mwenye gari aache nyumbani, Whyte Avenue, barabara kuu ya Old Strathcona, haiingiliki siku hizo. Panda basi, au ukiwa na watoto chukua ile tramu ya zamani inayopita juu ya daraja refu la mto, inakushusha Strathcona karibu kabisa na tamasha, watoto wangu huwa wanaingoja hiyo kuliko kitu kingine. Beba sweta, jua linachelewa kuzama lakini likishazama baridi inaingia. Na kuna miaka moshi wa misitu inayoungua unashuka mjini mpaka macho yanawasha, hapo ndo hata wa barabarani wanaondoka na ukumbi mdogo wa ndani unakuwa mahali pazuri pa kukaa.

Dada alimaliza maonyesho yake sita. La mwisho lilikuwa na watu 51. Kiti alichokuwa anaigizia kilikuwa cha kuazima kanisani kwao, tukakirudisha pamoja Jumatatu asubuhi kwa basi, yeye kakaa na mimi nimesimama nimekishika kisigonge watu, na dereva akatuuliza mnahamia wapi na kiti kimoja.

Jina lake ameliweka tena kwenye bahati nasibu, mchezo mpya, wa mama safari hii. Likichomoka likikosa ataigiza. Mimi nimeweka kibubu juu ya friji, kila nikilipwa natia dola 20, na bimkubwa wa Tanga ameshaniuliza mara mbili tarehe ni lini.