Asubuhi hamira ilipokubali sukari ya makapi ya miwa

Hamira ya mkate, ile ile inayouzwa madukani kwa pakiti, huila sukari ya glukosi kwa pupa na kuigeuza kuwa ethanoli, alkoholi inayoweza kutumika kama mafuta, na kaboni dayoksaidi, lakini ukiipa sukari iitwayo zailosi haiigusi. Hilo ndilo lililonipeleka Uholanzi mwaka 2010 kusomea shahada ya uzamivu, kwa sababu makapi ya miwa, ambayo nilikulia karibu na malundo yake kule Kilombero, yana zailosi nyingi: takriban robo ya uzito wake mkavu ni hemiselulosi, sehemu mojawapo ya nyuzi za mmea, na hemiselulosi ya muwa ikivunjwa hutoa zaidi sukari hiyo. Kuchachusha molasi, ule uji mtamu mweusi unaobaki sukari ikishatengenezwa, ni kazi iliyozoeleka tangu zamani. Kigumu ni makapi.

Njia tuliyoifuata maabarani ilikuwa imefunguliwa na wengine. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, huko huko Uholanzi, walionyesha kwamba jeni ya Piromyces, kuvu aliyepatikana katika kinyesi cha tembo wa India, hufanya kazi vizuri ndani ya hamira. Tembo hula magome na nyasi ngumu, na viumbe wa tumboni mwake ndio wanaomvunjia nyuzi hizo. Sijapata kusoma ugunduzi ulionifurahisha kuliko huo. Jeni hiyo huipa hamira kimeng'enya kinachogeuza zailosi kuwa zailulosi, sukari ambayo hamira inaiweza, kwa hatua moja, na kuanzia hapo hamira huendelea kwa njia zake yenyewe. Kabla ya hapo watu walitumia vimeng'enya viwili kutoka hamira nyingine, na kwa kuwa kila kimoja kilitegemea molekuli saidizi tofauti, kazi ilikwama katikati na sukari nyingi ikaishia kuwa zailitoli, zao la kati lisilogeuka ethanoli.

Nasi tuliifuta jeni iitwayo GRE3, inayozalisha zailitoli hiyo, kisha tukaongeza nguvu ya jeni zinazopokea zailulosi. Hata hivyo hamira yetu ilikua polepole mno. Ikabidi tuiache ijichague yenyewe: tulikuwa tukihamisha matone machache kutoka chupa iliyokomaa kwenda chupa mpya isiyo na sukari nyingine ila zailosi, tukarudia hivyo kwa miezi, ili chembe zenye kasi ziwashinde wenzao.

Asubuhi moja ya majira ya baridi nilifungua mashine ya kutikisia, iliyokuwa kwenye nyuzi 30, nikaikuta chupa niliyoiacha jioni ikiwa angavu kama maji imegeuka kuwa nzito na nyeupe, na viputo vidogo vikipanda kandokando ya kioo. Harufu ilikuwa ya unga uliochacha. Nilichuja sampuli na kuiingiza kwenye mashine ya kromatografia, inayotenganisha na kupima kila kilichomo kwenye sampuli, kisha nikasimama mbele ya skrini nikiusubiri mchoro. Kilele cha zailosi kilikuwa kimeshuka hadi kukaribia mstari wa chini, cha zailitoli kilionekana kwa shida, na cha ethanoli kilikuwa kimepanda juu ya vyote. Msimamizi wangu aliutazama mchoro kwa muda mrefu, akaniagiza nirudie kipimo, na nilipokirudia jibu halikubadilika.

Jioni nilimpigia simu baba, aliyestaafu baada ya kufanya kazi kwenye boila za kiwanda cha sukari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti ina furaha hivyo?"

Nikamweleza yote, kuanzia tembo hadi ethanoli. Alisikiliza bila kunikatiza, akanipongeza kwa moyo wote, kisha akauliza: "Sasa mkiyachukua makapi yote, boila itawashwa na nini? Sisi mvuke wote tuliupata humo."

Nilikuwa nikiyahesabu makapi kama taka, kama yanavyohesabiwa katika makala nyingi za fani yetu, ilhali kwa mtu aliyeyasukumia tanuruni usiku na mchana yalikuwa kuni za kiwanda. Sura ya mwisho ya tasnifu yangu ilianzia hapo. Nilikokotoa kwanza mvuke na umeme ambao kiwanda kinauhitaji, nikatenga makapi ya kazi hiyo, na hamira nikaipangia yale tu yanayosalia, pamoja na majani ya miwa ambayo huchomwa shambani kabla ya mavuno bila kumpa mtu yeyote mvuke wala mafuta.