Usiku Nyasi Zilipotutazama

Tulikuwa tumekifuata Kilimia. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumeusubiri usiku ule kwa wiki mbili nzima: mwezi usiwepo, anga liwe safi, upepo utulie. Kwa macho matupu Kilimia ni nyota sita hivi zilizobanana, na mwenye macho makali hupata saba au zaidi. Lakini ukiiacha kamera ikusanye mwanga wake kidogo kidogo, zinajitokeza nyota kadhaa wa kadhaa, na juu yake ukungu wa bluu, mwembamba kama pumzi kwenye kioo. Ukungu huo ndio niliokuwa nautaka. Nilikuwa nimeuona kwenye picha za watu wengine tu.

Lenzi niliyobeba ilikuwa moja, ya milimita 100, ile ya kupigia wadudu na vitu vidogo. Wengi hawafikirii kuielekeza juu. Mimi naipenda kwa kazi hiyo, maana nyota hufichua kila kasoro ya lenzi, na hii hutoa picha safi mpaka pembeni. Shida yake ni kwamba inavuta sana, na dunia haiachi kuzunguka: shata, kile kipazia cha ndani ya kamera kinachopitisha mwanga, ikikaa wazi zaidi ya sekunde tano, nyota zinaanza kuwa vistari. Wapigapicha hugawa 500 kwa milimita za lenzi kupata hizo sekunde. Ni makadirio tu, ila hayajawahi kunitupa. Kwa hiyo mpango ulikuwa kupiga picha mia mbili za sekunde tano tano, kisha kuzirundika kwenye kompyuta ziwe moja.

Nikaikuza nyota moja angavu kwenye skrini ya kamera, nikazungusha pete ya fokasi taratibu, mpaka nyota ikawa nukta ndogo kuliko zote ilizowahi kuwa. Nikaibandika pete kwa utepe. Tukazima kila kitu, tukakaa. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na mwanga mmoja wa tochi huyarudisha mwanzo, kwa hiyo tuliongea kwa sauti ya chini huku kamera ikihesabu: kach, kach, kach. Saa hizo nazipenda kuliko hata picha zenyewe.

Zilikuwa zimepita picha sitini hivi betri ilipokata. Baridi huzimaliza haraka. Nikatoa ya akiba mfukoni, ikaniponyoka vidoleni, ikapotelea majanini.

"Washa tu," nikamwambia mdogo wangu.

Akawasha tochi aliyokuwa amejifunga kichwani. Akakaa kimya kidogo.

"Kaka, njoo uone. Nyasi zina nyota."

"Ni umande huo."

"Si umande. Umande unametameta ukisogea. Hizi zimetulia tuli. Tena ni za kijani."

Nikachukua tochi yangu ya mkononi, nikamulika pale anaponyoosha kidole. Majani na matone, basi. Nikamulika tena, karibu zaidi. Yeye akawa anasisitiza, "Pale pale, Kaka, huoni?" na mimi kweli sioni. Mwishowe akaivua tochi yake akanifunga kichwani kwa mikono yake mwenyewe.

Uwanja wote uliwaka. Nukta za kijani zenye ubluu kwa mbali, moja hapa, tatu kule, nyingine mbali kabisa ukingoni mwa giza, zote zikinitazama.

Nikachutama, nikaifuata moja bila kuipepesea jicho. Hatua ya nne nikamkuta mwenyewe: buibui wa kahawia, wale wasiotega utando bali huwinda kwa miguu usiku. Nyuma ya macho yake makubwa kuna tabaka linalofanya kazi kama kioo, likiurudisha mwanga kulekule ulikotoka. Tochi ikiwa mkononi karibu na kiuno, mng'ao unarudi kiunoni. Ikiwa kwenye paji la uso, unarudi machoni pako. Nilikuwa nimepita kwenye nyasi za namna ile usiku mwingi sana, tochi mkononi, na wote walikuwa wakinitazama bila mimi kujua.

Huyu alikuwa na kitu cha ziada. Mgongo wake ulikuwa na manyoya yasiyo sawasawa, na juu yake palimetameta vumbi la nuru. Nikasogea hadi nikawa nimelala kifudifudi. Hayakuwa manyoya. Walikuwa watoto, wamepandana tabaka juu ya tabaka, kila mmoja mdogo kama punje ya mtama, kila mmoja na macho yake yaliyowaka. Mama wa jamii hii huburuta mfuko wa mayai nyuma yake, na watoto wakitoka humpanda mgongoni wakakaa humo siku kadhaa. Nililijua hilo kwa kusoma. Kuliona ni habari nyingine.

"Leta kamera," nikanong'ona. Betri alikuwa ameshaiona, ameshaitia.

Nikabandua utepe. Pete ile ile niliyoisogeza kwa unywele kuipata nyota, sasa niliizungusha mpaka mwisho wa upande wa pili, sentimita 30 kutoka kwenye kamera. Katika umbali huo sehemu inayotoka safi haizidi milimita moja au mbili, na ukipumua tu umeikosa. Mdogo wangu akaishikilia tochi ikigusa ubavu wa lenzi, mwanga urudi mle mle. Mtoto mmoja akateleza, akaanguka kwenye jani. Mama hakusogea. Yule mdogo akapapasa, akaupata mguu, akaupanda hadi juu, akajibana katikati ya wenzake. Nikabana pumzi, nikapiga. Nikapiga tena.

Tulipoinuka, nguo zilikuwa zimelowa kifuani. Kilimia kilikuwa kimeshatoka kabisa kwenye fremu, na kioo cha lenzi kilikuwa kimepata umande. Ningeweza kukifuta, nikapanga upya, bado usiku ulikuwepo.

"Unaendelea?" akaniuliza.

Nikamwambia azime tochi. Tukasimama palepale bila kunyanyua mguu, kwa kuwa sasa tulijua nani yuko chini, tukangoja macho yazoee tena.