Vitumba vya Novemba

Jana binti yangu aliniuliza kwa nini ninahangaika kukiwekea matandazo kichaka cha ukutani ilhali kimekwisha kufa. Nilimjibu kwamba kimepukutisha majani tu, lakini swali lake lilinirudisha kwenye Novemba ile niliyokisogelea kichaka hichohicho nikiwa na mkasi mkononi.

Wakati huo kichaka, ambacho kwa jina la kitaalamu ni Chimonanthus praecox, kilikuwa na umri wa miaka 8 tangu nikioteshe kwa mbegu, na hakikuwa kimewahi kutoa ua hata moja. Jina hilo limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya majira ya baridi na ua, na asili ya mmea wenyewe ni China. Nilikuwa nimekichagulia mahali penye jua la kutosha, mbele ya ukuta unaokinga upepo, kwenye udongo usiotuamisha maji, kwa sababu matawi yake huhitaji joto la kiangazi ili yakomae vizuri. Nisilolijua ni kwamba maua hutoka kwenye matawi yaliyokua kiangazi kilichotangulia. Asubuhi ile nilikipogoa karibu chote, nikaridhika na umbo lake, kisha nikaanza kukusanya matawi yaliyoanguka.

Ndipo nilipoviona. Kwenye tawi nililolishika, kila palipokuwa na makovu ya majani palikuwa na vitumba viwili vilivyoelekeana, vya mviringo, vikubwa kidogo kuliko punje za mtama, vimefunikwa magamba ya kahawia. Nilikipasua kimoja kwa ukucha. Ndani yake petali changa zilikuwa zimelaliana, zimebanana, na tayari zilikuwa zimeanza kuingia umanjano. Nilipiga magoti, nikaokota tawi la pili, la tatu, la nne, nikilipapasa kila moja kwa kidole gumba kutoka shinani hadi nchani, na kila moja lilikuwa limejaa. Nilibaki hapo mpaka vidole vikafa ganzi.

Januari, tawi moja lililojificha nyuma, ambalo mkasi haukulifikia, lilitoa maua sita yanayong'aa kama nta, ya manjano kwa nje na yenye zambarau iliyokolea katikati. Nilisikia harufu yake kabla ya kuyaona. Kwa miaka mitatu iliyofuata kichaka kilirusha machipukizi marefu yenye majani mengi, bila ua. Siku hizi ninakipogoa kidogo tu, mara maua yanapokwisha, na bado kila nikishika mkasi ninawaza ile Januari ingekuwaje.

Jana nilimkwarulia binti yangu gome la kitawi kimoja, akaona ukijani chini yake. Kisha akasogeza pua kwenye kitumba, akanusa kwa muda mrefu, akasema hasikii harufu yoyote. Nilimwambia vitumba bado vimefumba.