Noeli inayoangukia siku ya kazi

Hapa Japani tarehe 25 Desemba si sikukuu ya taifa. Asubuhi treni zinajaa watu wanaokwenda kazini, benki ziko wazi, na kiwanda cha vipuri vya magari kilicho nyuma ya kanisa letu kinabadilisha zamu kama siku nyingine yoyote. Wakristo wa nchi hii ni karibu mtu mmoja kati ya 100, na Wakatoliki ni wachache zaidi. Ndugu wanaoniandikia kuuliza Noeli ya mmisionari ikoje huwa wanategemea niwasimulie upweke. Upo, nitaufikia. Ila kinachojaza Desemba yangu ni kutafuta saa ambayo watu wataweza kuja kusali.

Niko mkoa wa Aichi, kwenye nyumba ndogo ya masista. Parokia yetu ina wazee wa Kijapani, ina Wabrazili na Waperu wenye asili ya Kijapani, ambao wengi wao walianza kuja baada ya sheria ya uhamiaji kubadilishwa mwaka 1990, ina akina mama wa Kifilipino, na vijana wa Kivietinamu walio kwenye mikataba ya mafunzo kazini. Majilio yakikaribia, paroko, katekista na mimi tunakaa mezani na kalenda, na kila mtu analeta zamu za watu wake. Nani anaingia usiku, nani anatoka alfajiri, nani amenyimwa ruhusa. Mimi nayaita maandalizi ya kiroho kabisa, kwa sababu tukikosea hapo kuna mtu atapitisha Noeli yote bila komunyo.

Wafilipino wana desturi ya Simbang Gabi, Misa tisa kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba. Kwao husaliwa kabla ya jua kuchomoza. Hapa alfajiri ni saa ya kiwanda, basi tunasali saa moja na nusu jioni. Wengi wanafika na sare za kazi chini ya makoti. Yuko mama mmoja ambaye siku zote anaingia padri akiwa katikati ya mahubiri, anakaa benchi la mwisho upande wa mlango, na baada ya kupokea anatoka moja kwa moja kuwahi basi la kampuni. Karatasi yake ya nyimbo naiweka pale pale kabla hajafika, asihangaike kuitafuta. Akiikuta ananitazama, anainamisha kichwa, basi.

Kanisa letu ni la zamani na tunalipasha joto kwa hita za mafuta ya taa. Kuzijaza ni kazi yangu. Unabeba dumu la lita 18 kutoka kibandani, unachomeka pampu ya mkono, unaminya na kuachia, unaminya na kuachia, huku macho yako kwenye kipimo yasimwagike. Ukivaa glavu huwezi kushika vizuri, ukivua vidole vinakufa ganzi. Hita zinawashwa saa nzima kabla ya Misa, kisha dirisha moja linaachwa wazi kidogo kwa ajili ya hewa. Nimezoea kusali rozari nikiwa kwenye pampu, kila dumu na majina ya watu ninaowaombea. Sijui mahali pengine ninaposali vizuri kuliko pale.

Mwishoni mwa mwaka Wajapani hutumiana kadi za mwaka mpya. Ukizipeleka posta kufikia tarehe 25 Desemba, zinamfikia mtu asubuhi ya tarehe 1 Januari. Lakini nyumba iliyofiwa ndani ya mwaka huo haitumi kadi wala haitumiwi. Inawaarifu watu mapema kwamba iko kwenye msiba, nao wanaiacha kwa heshima. Kwa hiyo nyumba hizo ndizo ninazoanza nazo kuzitembelea, tangu juma la kwanza la Majilio.

Mwaka huu nilikwenda kwa bibi mmoja aliyefiwa na mumewe wakati wa joto. Bibi amebatizwa, mume alikuwa Mbudha. Picha ya marehemu iko kwenye altare ndogo ya ukoo wao, na mbele yake palikuwa na kikombe cha chai iliyomiminwa asubuhi hiyo. Tulikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza, “Sista, mwaka huu ninaruhusiwa kuja mkesha?” Aliogopa watu wangemwona anasherehekea kabla mwaka wa msiba haujaisha. Nilimwambia aje, na nikamwomba atusaidie kutayarisha kitambaa cha hori. Nikamkabidhi palepale. Alikirudisha baada ya siku chache, kimefuliwa na kupigwa pasi, na mshono uliokuwa umefumuka pembeni ameushona kwa uzi wa rangi ileile. Usiku wa mkesha ndicho kitambaa alicholazwa Mtoto Yesu, naye bibi alikuwa benchi la pili.

Misa ya mkesha tunaisali saa moja usiku kwa Kijapani, kisha saa tatu kwa Kireno. Usiku wa manane hauwezekani, watu wana treni ya mwisho ya kuwahi na kazi kesho yake. Katika Misa ya kwanza wanakuja wengi ambao hawajabatizwa kabisa: wanafunzi, wachumba, majirani, watu waliokuwa wanapita wakaona taa. Mimi nasimama mlangoni na mishumaa na vijitabu vya masomo. Nawaeleza kwamba wakati wa komunyo asiyebatizwa naye anaweza kwenda mbele, ashike tu kijitabu mkononi, padri atajua kwamba huyu anahitaji baraka.

Naomba niseme wazi, dakika hizo ndizo zilizonileta huku. Unaona mstari, na vijitabu vinazidi mikono mitupu. Mwaka jana alipita mzee wa makamo mwenye suti na mkoba wa kazini. Alipofika mbele aliinama kwa heshima ya Kijapani, akainama sana hata ikambidi padri naye ainame ndipo mkono ufike kichwani pake. Aliporudi hakwenda kwenye benchi lake. Alisimama ukutani mpaka mwisho, mshumaa ukiwaka. Simjui jina. Namwombea.

Nikichoka huwa nakumbuka Wakristo wa Nagasaki. Ukristo ulipigwa marufuku nchi nzima mwaka 1614, mapadri wakafukuzwa au wakauawa. Tarehe 17 Machi 1865 wanakijiji wa Urakami walimwendea padri Mfaransa, Petitjean, katika kanisa jipya la Oura, wakamweleza kwa siri kwamba wana imani moja naye. Katika mambo waliyomsimulia lilikuwamo hili: kila mwaka, tarehe 25 ya mwezi wa baridi, walikuwa wakiadhimisha kuzaliwa kwa Bwana. Zaidi ya miaka 200 bila padri, bila Misa, na sikukuu walikuwa wameitunza. Marufuku yenyewe haikuondolewa hadi 1873. Basi mimi mwenye hita na ratiba nitalalamika nini?

Tarehe 25 napeleka komunyo kwa wagonjwa na kwenye nyumba ya wazee. Jioni napiga simu nyumbani. Tunawatangulia kwa saa sita, kwa hiyo kwangu giza limeingia, kwao ni mchana na nyumba imejaa watu.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Baridi ikoje huko?”

Baridi ndiyo anayoulizia kila mara, kwa sababu ndiyo anayoweza kuiulizia bila kulia. Nyuma yake nasikia watoto na sauti za shangazi. Simu ikikatika nyumba yetu inakuwa kimya kupita kiasi, na sista ninayeishi naye, ambaye amekaa utume miaka mingi kunizidi, anajua wakati huo asiniambie neno. Anawasha maji ya chai.

Tarehe 26 asubuhi madukani miti ya Krismasi imeshaondolewa na mapambo ya misonobari ya mwaka mpya yamesimama milangoni. Pango letu linabaki hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana. Majirani wanauliza kwa nini hatujaliondoa, nami nafurahi wanapouliza, maana nawakaribisha ndani walione na tunazungumza.

Kisha kufikia tarehe 29 hivi viwanda vinafunga kwa mapumziko ya mwaka mpya. Hapo ndipo vijana wa Kivietinamu wanapata Noeli yao. Mwaka huu wamechagua tarehe 30: Misa saa nne asubuhi, kisha ukumbi ni wao hadi jioni. Wameniomba nisome somo la pili kwa Kivietinamu, na binti mmoja wa kwaya ananifundisha kila Jumapili baada ya Misa, silabi moja baada ya nyingine, akinipandishia na kunishushia sauti kwa kiganja chake. Bado mistari miwili ya mwisho. Hita nitazijaza tarehe 29 usiku.