Kuozwa na kuoza

Mwaka wangu wa kwanza katika idara ya mikopo, bosi aliniwekea faili mezani akaniambia niandae mkopo mpya wa mteja ambaye hakuwa amerejesha hata senti kwa miezi tisa. Nikamuuliza, huyu huyu? Akacheka. "Mkopo mpya unalipa wa zamani, kijana. Robo ikifungwa, faili safi." Nikaandaa. Mkaguzi alipokuja alikuta mkopo wa wiki tatu, haujachelewa hata siku moja, mteja mzuri kabisa. Baadaye niliambiwa mteja yule alipewa na mkopo wa tatu, mimi nikiwa nimeshahamishiwa idara nyingine.

Tangu nistaafu nimepata ugonjwa wa kusoma mizania za benki zilizokufa zamani. Wenzangu wanafuga kuku, mimi nafuga marehemu. Na marehemu ninayemrudia kila mara ni benki ya Creditanstalt ya Vienna, Austria, kwa sababu kila nikimfunua namwona bosi wangu.

Watu husimulia habari za kuanguka kwake kuanzia Mei 1931, kana kwamba ilikuwa benki nzima iliyopatwa na radi. Haikuwa nzima. Ilianzishwa mwaka 1855 na ukoo wa wabenki wa Rothschild ili kukopesha viwanda na reli za himaya ya akina Habsburg, wafalme wa Austria, na kwa miaka sitini ilifanya hivyo vizuri. Mwaka 1918 himaya ikavunjika. Dola ya watu zaidi ya milioni 50 ikabaki jamhuri ya Austria, ya watu milioni sita na ushei, na viwanda ambavyo benki za Vienna zilikuwa zimevikopesha na kununua hisa zake vikajikuta Czechoslovakia, Poland, Hungary na Yugoslavia. Benki zilipaswa kupungua zilingane na nchi iliyobaki. Hazikupungua. Mtu aliyezoea kulisha ukumbi mzima hakubali kirahisi sufuria ndogo.

Kisha ukaja mfumuko wa bei wa 1921 na 1922 ukakwangua mitaji. Korona, sarafu ya Austria, ilipobadilishwa kuwa shilingi mwaka 1925, korona 10,000 zilikupa shilingi moja. Mwaka mmoja kabla, wakubwa wengi wa Vienna walikuwa wamecheza kamari dhidi ya faranga ya Ufaransa wakiamini itaendelea kuporomoka; faranga ikainuka, wakaumia. Pengo likazibwa kwa fedha za London na New York, amana za muda mfupi ambazo mwenyewe angeweza kuzidai wakati wowote, huku zikikopeshwa kwa viwanda ambavyo visingelipa hata baada ya miaka kumi. Ukifanya hivyo, benki yako inaishi kwa subira ya wageni.

Sasa tufike kwenye harusi. Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili: kuoza ni kumpa mtu mume au mke, na kuoza ni kuharibika mpaka kunuka. Mwaka 1927 benki mbili dhaifu, Unionbank na Verkehrsbank, ziliozwa kwa Bodencreditanstalt, benki yenye heshima iliyokuwa ikitunza mali za familia ya kifalme. Kwenye vitabu hakukuwa na benki iliyoanguka. Oktoba 1929 Bodencreditanstalt yenyewe ikawa inazama, imeelemewa na viwanda ilivyovikopesha, kikiwemo kile cha magari cha Steyr. Kansela Johann Schober akambana Louis Rothschild aichukue. Creditanstalt ikaimeza nzima, na madeni mabaya, kwa siku chache tu, bila muda wa kufungua mafaili. Kwa hiyo mkopo wa zamani ulilipwa na mpya, safari hii kwa ukubwa wa nchi nzima. Baada ya hapo hapakuwa na benki kubwa zaidi ya kuiozesha Creditanstalt. Huo ndio ugumu wa ile hesabu ya bosi wangu: lazima awepo mwingine wa kubeba.

Jumatatu, tarehe 11 Mei 1931, ikatangazwa kwamba benki imepata hasara ya shilingi milioni 140, karibu asilimia 85 ya mtaji wake na akiba. Tangazo lilikuja pamoja na dawa: serikali itatoa milioni 100, benki kuu milioni 30, na akina Rothschild milioni 30. Nadhani walioliandika waliamini kabisa kwamba watu wangesoma nusu ya pili. Watu walisoma ya kwanza. Kesho yake foleni.

Hapa ndipo huwa natulia, maana foleni peke yake haiangushi nchi. Benki kuu ipo ili kuikopesha benki yenye foleni. Lakini shilingi ilikuwa imefungwa kwenye dhahabu, yaani benki kuu iliahidi kuibadilisha kwa thamani isiyobadilika. Benki kuu ilitoa shilingi, Creditanstalt ikawapa wenye amana, na wenye amana wakatoka mlango wa Creditanstalt wakaingia mlango wa benki kuu kuzibadilisha ziwe dola, pauni au dhahabu. Kila shilingi iliyoiokoa benki iliichimba sarafu. Kama wangeacha kukopesha, benki ingekufa leo; wakikopesha, akiba ya fedha za kigeni ingeisha mwezi ujao. Mwisho wa Mei serikali ikaongeza dhamana kwa madeni ya benki, na kuanzia hapo aliyeitilia shaka benki akaitilia shaka na hazina.

Wakaenda kukopa nje. Machi ile ile Austria na Ujerumani zilikuwa zimetangaza mpango wa umoja wa forodha, wa kuondoleana ushuru mpakani, na Ufaransa, iliyokuwa na dhahabu nyingi kuliko karibu kila mtu Ulaya, ikataka mpango ufutwe kwanza ndipo ikopeshe. Serikali ya Vienna ikajiuzulu tarehe 16 Juni. Usiku huo Montagu Norman wa benki kuu ya Uingereza akaipa Austria mkopo wa shilingi milioni 150, wa muda mfupi, ili isisalimu amri kwa Paris. Mpango ulikufa Septemba hata hivyo. Mimi nilikaa katika kamati nyingi za mikopo, na najua harufu ya kikao ambacho mada yake si mkopo.

Jumatatu ya pili ni tarehe 13 Julai, Berlin. Wengine husema moto ulitoka Vienna tu. Siamini. Ujerumani ilikuwa na kuni zake. Huko Bremen, akina Lahusen wa kampuni ya sufu ya Nordwolle walikuwa wamenunua sufu nyingi wakitegemea bei ipande, bei ikashuka, na hasara wakaificha katika kampuni yao ya Uholanzi. Aliyewakopesha zaidi alikuwa Danatbank, benki ya Berlin iliyoongozwa na Jakob Goldschmidt. Hans Luther, gavana wa Reichsbank, benki kuu ya Ujerumani, alipanda ndege kwenda London na Paris kuomba fedha, akarudi mikono mitupu. Danatbank haikufungua milango asubuhi ile, na siku mbili zilizofuata benki zote za Ujerumani zikafungwa. Zilipofunguliwa, kununua fedha za kigeni kulikuwa kwa kibali.

Jumatatu ya tatu ni tarehe 21 Septemba. Fedha za Waingereza zilikuwa zimekwama Ujerumani na Austria, wageni wakaanza kutoa pauni zao London, na Uingereza ikaachana na dhahabu. Lakini hakuna hata moja kati ya benki zake kubwa tano iliyoanguka. Zilikuwa na matawi nchi nzima na hazikujaza hisa za viwanda kwenye mizania. Wabenki wa Vienna waliziona za kizamani. Sweden na Norway zikaifuata Uingereza siku chache baadaye, na nchi hizo zilipata nafuu mapema kuliko Ufaransa, iliyong'ang'ania dhahabu mpaka 1936.

Ujerumani haikushusha thamani ya marki. Kansela Brüning aliendelea kukata mishahara na kupandisha kodi kwa amri za dharura, na mwanzoni mwa 1932 watu wapatao milioni sita hawakuwa na kazi. Chama cha Hitler, kilichopata asilimia 2.6 ya kura mwaka 1928, kilipata 37.3 Julai 1932. Sisemi benki moja ilimleta Hitler. Lakini watafiti waliochambua kura mji kwa mji wamekuta kwamba pale ambapo makampuni yalitegemea Danatbank, kura za Wanazi ziliongezeka zaidi. Goldschmidt alikuwa Myahudi, na propaganda yao haikuacha kumtaja. Akina Lahusen, waliochimba lile shimo, hawakuwa Wayahudi.

Italia ilichukua njia nyingine: mwaka 1933 serikali iliunda shirika la IRI, likachukua hisa za viwanda kutoka kwenye benki kubwa, na benki zenyewe zikaishia mikononi mwake. Ghali, ila angalau mafaili yalifunguliwa.

Na Creditanstalt? Haikufungwa hata siku moja. Mwaka 1934 serikali, ambayo sasa ndiyo iliyokuwa na sauti ndani yake, iliiunganisha na Wiener Bankverein, benki nyingine kubwa ya Vienna iliyokuwa nayo taabani, na bango la mlangoni likaandikwa majina yote mawili.