Ndogo si nyepesi kupiga: nilivyomsaidia mke wangu kuchagua bastola ya shabaha

Mezani tulikuwa na majina matatu: Glock 19, Glock 43X na CZ P-10 C, zote za risasi za milimita 9. Mimi moyoni nilishachagua 43X. Ni nyembamba, upana wake milimita 28 hivi, inaenea kiganjani kama kipande cha sabuni, na mama watoto ana vidole vifupi. Nilikosea, na kosa lenyewe lilikuwa la hesabu.

Hesabu iko hivi. Glock 19 yenye magazini (kile kikasha cha risasi kinachoingia ndani ya mpini) tupu ina gramu 670 hivi. Ukiijaza risasi 15, kila moja kama gramu 12, inafika 850. 43X yenye magazini tupu ni gramu 530 hivi, na ikipata risasi zake 10 inakuwa 650. Risasi inayotoka ni ile ile, na msukumo wake ni karibu ule ule. Silaha ikiwa nyepesi, nguvu ya teke, yaani silaha inavyorudi nyuma mkononi inapofyatuka, inaongezeka kwa kadiri uzito ulivyopungua, kwa hiyo ile ndogo inapiga mkono kwa nguvu iliyozidi karibu theluthi moja. Anayebeba bastola kutwa na kuipiga mara chache atafurahia udogo huo. Anayekwenda uwanjani kumaliza risasi 100 asubuhi moja atarudi nyumbani anasugua kiganja.

Halafu kuna umbali kati ya nundu ya mbele ya kulengea na pengo la nyuma. Kwenye 19 ni milimita 153 hivi, kwenye 43X ni 132. Nundu ikipotoka pembeni kwa milimita 1 tu, kwenye karatasi iliyo mita 10 tundu linahama sentimita 6.5 kwa ile ya kwanza na 7.6 kwa ile ya pili. Kwa mtu anayejifunza, ambaye nundu inamcheza muda wote, tofauti hiyo anaiona kwa macho.

Karatasi nazipitia haraka. Hapa Tanzania, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni inamtaja mtu na silaha yake kwa namba. Yangu haimhusu mke wangu, na maombi yake yalianzia serikali ya mtaa kama yalivyoanzia yangu. Kwa hiyo bastola si kiatu, kwamba ukifika Mtwara ukikuta kinabana utakirudisha dukani. Unajaribu kwanza, chini ya mkufunzi, kwenye uwanja ulioruhusiwa, kwa silaha za mkufunzi huyo, ndipo unaandika jina la bastola kwenye fomu.

Kupima mkono kunafanywa na silaha tupu. Mtutu unaelekea upande salama, kidole kiko nje ya triga. Toa magazini kwanza, kisha vuta slaidi (kile chuma cha juu kinachoteleza nyuma na mbele) mara tatu, ifunge ikiwa nyuma, tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, halafu ingiza ncha ya kidole cha mwisho uguse tundu lenyewe. Mpangilio huo haupinduliwi. Ukivuta slaidi wakati magazini bado imo, unatoa risasi moja na kuingiza nyingine, kisha unaiita silaha tupu.

Sasa mkono. Ile sehemu laini kati ya kidole gumba na cha shahada ipande juu kabisa ya mpini, mpaka igote chini ya slaidi. Kutoka hapo mtutu, kifundo cha mkono na mfupa wa mkono wa mbele viwe kwenye mstari mmoja. Bila kuuhamisha mkono, kidole cha shahada kifike kwenye triga na kuigusa kwa katikati ya nyama ya pingili ya kwanza, huku mwanga kidogo ukipita kati ya kidole na ubavu wa silaha. Mpini ukiwa mnene kupita kiasi, mtu huzungusha mkono bila kujijua ili kidole kifike, na teke linaangukia kwenye fundo la kidole gumba badala ya kiganja. Risasi thelathini za namna hiyo, kidole kinavimba.

Hapo ndipo 43X ilinidanganya, maana ilipita mtihani huu kwa urahisi kuliko zote. Lakini Glock 19 nayo ilipita mara tu tulipoondoa kile kipande cha plastiki kilichoongezwa nyuma ya mpini. Za toleo la 4 na la 5 huja na vipande vya kuongeza milimita 2 au 4, na aliyeishika kabla yetu alikuwa na mikono mikubwa. CZ inakuja na vipande vitatu vya kubadilisha, tukaweka kidogo kuliko vyote. Muulize muuzaji vipande hivyo viko wapi kabla hujasema bastola ni kubwa. Mara nyingi vimebaki ndani ya boksi.

Kilichotuchukua muda mrefu zaidi ni slaidi. Mke wangu amebangua korosho miaka mingi, kidole gumba na cha shahada vyake vina nguvu kuliko vyangu, na bado slaidi ya kila bastola ilimshinda. “Baba, hii ina kutu ndani,” aliniambia. Haikuwa na kutu. Alikuwa anaibana nyuma kwa ncha za vidole viwili, vile vile anavyoshika punje, na kuivuta kwa nguvu za vidole peke yake.

Namna inayofanya kazi ni hii. Bastola iletwe karibu na kifua, kiwiko kigande ubavuni, na mwili wote ugeuke kidogo ili mtutu ubaki unatazama mbele, kwenye tuta la kuzuia risasi. (Wengi hugeuza bastola badala ya mwili, na mtutu unamtazama jirani wa kushoto, mkufunzi akipiga kelele hapo ana haki.) Mkono wa kushoto uifunike slaidi kwa juu, nyuma ya tundu la kutolea maganda, vidole vinne upande mmoja na nyama ya kiganja upande wa pili. Kisha usivute. Shika slaidi isiondoke mahali pake, halafu mkono wa kulia uisukume silaha kwenda mbele kama unayesukuma mlango. Bega na kifua ndivyo vinavyofanya kazi. Ikifika mwisho, achia ghafla. Ukiisindikiza slaidi taratibu kurudi mbele, springi inapoteza nguvu, risasi huenda isikae sawasawa kwenye chemba, na bastola isifyatuke.

Kwa namna hii alikoki Glock zote mbili mara kumi mfululizo. CZ aliikoki mara sita, ya saba mkono ukateleza. Springi yake kwa mkono wake ilikuwa ngumu zaidi, na ikiwa mtu anachoka kwa kukoki tu, huko mbele atachoka kwa kila kitu. Fanya mtihani huu mara kumi, kwa kuwa mara moja kila mtu anaweza.

Upigaji tuliufanya mita 7, karatasi ya A4 tupu yenye duara la kifuniko cha chupa katikati, risasi 40 kwa kila bastola, siku tofauti ili uchovu wa moja usihukumu nyingine. Tulijaza 10 tu kwa kila magazini. Risasi za mwisho ndizo ngumu kusukuma, na kidole gumba kilichouma kabla ya kupiga kinaharibu kila kinachofuata. Nilipima upana wa kundi la matundu kwa kumi za kwanza na kumi za mwisho. 43X ilianza na sentimita 11 na kumaliza na 21. CZ ilianza na 10, bora kuliko zote, ikamaliza na 15. Glock 19 ilianza na 12, ikamaliza na 13. Tungepiga kumi tu na kuondoka, nisingechagua 19 hata kwa bahati.

Kumi za mwisho za 43X zilikuwa zimejaa chini kushoto. Kwa mtu wa mkono wa kulia, alama hiyo kwa kawaida inatokana na kulisubiri teke: sekunde ya kufyatua, mkono mzima unakaza na kuuinamisha mtutu. Kuthibitisha ni rahisi. Mkufunzi alijaza magazini akachanganya risasi mbili za bandia, zile za plastiki za mazoezi, bila mpigaji kujua ziko nafasi gani. Triga ilipobonyea bila mlio, mtutu ulishuka wazi kabisa, kama mtu anayeitikia kwa kichwa. Tiba yake ni bastola isiyotisha, na kuibonyeza triga polepole mpaka mlio umkute mtu hajajiandaa. Kama uwanja una bastola ya .22, ile ya risasi ndogo, anza nayo risasi 50. Teke lake ni dogo mno.

Kuna mambo mawili ambayo wanaume hawayaoni mpaka wake zao waumie. La kwanza ni mtandio. Viziba masikio vya kikombe vikivaliwa juu ya kitambaa havigandi na ngozi, na sauti inapenya pembeni. Mlio wa bastola ya milimita 9 ni desibeli 160 hivi, unaweza kuharibu sikio kwa mara moja. Tulitumia vya sponji ndani ya sikio kwanza, vikiwa vimesokotwa vyembamba na kuachwa vifutuke humo ndani, kisha mtandio mwepesi wenye tabaka moja tu, kisha vikombe juu yake. La pili ni ganda. Linatoka likiwa la moto na linapenda kuingia shingoni. Mtu akiunguzwa kifuani anaruka na kujipapasa, na bastola bado ina risasi mkononi. Vaa kitu kilichofunga shingo, ncha za mtandio zichomekwe ndani, na kofia yenye ukingo wa mbele ili ganda lisiingie nyuma ya miwani. Na mfundishe kabla: likiingia, mtutu ubaki mbele, kidole kitoke kwenye triga, iweke silaha chini, ndipo ujikung’ute.

Kasoro mbili zilijirudia. Ganda kusimama wima limebanwa na slaidi badala ya kuruka nje: kwa bastola mpya yenye risasi nzuri, mara nyingi ni kifundo cha mkono kilicholegea. Slaidi inahitaji fremu, yaani mwili wa chini wa bastola, iliyotulia ili irudi mpaka mwisho; mkono ukienda nayo nyuma, safari inakuwa fupi. Nyingine, slaidi kutofunga nyuma baada ya risasi ya mwisho. Hapo tulitaka kulaumu magazini, kumbe kidole gumba cha kulia kilikuwa kimelalia kile kijiti cha kuzuia slaidi. Tulikishusha kidole gumba milimita chache, tatizo likaisha.

Nyumbani mazoezi ni makavu. Hakuna risasi chumbani, hata moja. Zinabaki chumba kingine zimefungwa. Weka sarafu ya shilingi 100 juu ya slaidi karibu na nundu ya mbele, lenga ukutani ambako nyuma yake hakulali mtu, bonyeza triga. Sarafu ikianguka, ulivuta kwa mkono mzima. Mara 20 kwa jioni zinatosha. Bastola ya .22 usiifanyie hivi bila kipande cha bandia kwenye chemba, maana pini inagonga ukingo wa chemba na kuutia makovu.

Mwisho ni chumvi ya hewa ya bahari. Shangani na Mikindani, huku kwetu Mtwara, hata bawaba za mlango zinaliwa, sembuse springi. Slaidi za Glock na CZ zina mipako mizuri, lakini magazini, pini na skrubu za kulengea hushika kutu ya rangi ya chai. Tunafuta kwa kitambaa chenye mafuta siku ile ile ya kupiga, tone moja moja kwenye reli za slaidi na moja pale triga inapokutana na vyuma vya ndani. Tundu la pini ya kufyatulia linabaki kavu, kwani mafuta yakiganda humo na vumbi, pini inagonga kwa ulegevu. Bastola haikai ndani ya mkoba wa ngozi, ngozi inanyonya unyevu na kuushikiza kwenye chuma. Iko kwenye kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa bolti ukutani, tupu, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu ambavyo tunavibadilisha kila mwezi msimu wa masika. Ufunguo wake anao mwenye leseni, yaani mke wangu. Mimi nina kisanduku changu.